Maji ya moto niliyoyamwaga langoni

Euless, Jumanne, Januari 2018

Mbingu imeshuka chini leo, ya kijivu, kama mfuniko wa sufuria. Manyunyu yalianza jana jioni, na kila tone lililogusa kitu liliganda hapo hapo: kwenye matawi, kwenye nyaya za umeme, kwenye vyuma vya ngazi zetu. Sasa giza limeingia. Naandika ili nitulie.

Leo nimekaribia kumuua mtu.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Acha ikae.

Mimi ni mwoga wa kila kitu cha nchi hii kinachokwenda kasi. Ni karani katika ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, kazi ya kukaa na kompyuta, na bado safari fupi ya kwenda na kurudi hunichosha kuliko kazi yenyewe. Nimesoma. Ninajua maji huganda kwa nyuzi ngapi na kwa nini. Lakini nimekulia Morogoro, na barafu niliyoijua kwa mikono yangu ni ile ya ukwaju, ya kwenye kifuko, unayouziwa dirishani kwa jirani na kuinyonya ukitoka shule. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siku moja itafunika gari.

Asubuhi, kukiwa bado na giza, nililikuta gari langu limevaa barafu kuanzia paa hadi matairi. Sikuwa na kikwangulio cha barafu. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Kwetu kitu kikigoma kinachemshiwa maji: kuku wa kunyonyoa, sufuria iliyoungua, nguo iliyoshika mafuta. Nikapanda juu nyumbani kwangu, nikawasha birika la umeme, nikarudi nalo likitoa mvuke, nikamwaga kwenye kioo cha mbele.

Barafu ilianguka kwa vipande. Nilifurahi, nakiri. Kisha kioo kikaanza kuwa cheupe tena mbele ya macho yangu, nikakimbilia birika la pili, na la tatu. Kwenye pembe ya kioo ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Mwishowe nilipata uwazi mdogo kama sahani mbele ya usukani, nikasema unatosha. Madirisha ya pembeni sikuyagusa.

Maegesho yetu yana mteremko, na nafasi yangu ndiyo ya mwisho kabla ya lango. Maji yangu yote yalishuka huko. Sikuyatazama yanakokwenda. Nilikuwa nawaza kioo changu, bosi wangu, na uhai wangu.

Niliwasha gari, nikakaa kitambo nikipasha mikono. Kisha nikasogea langoni. Mwalimu aliyenifundisha kuendesha hapa alinikaririsha jambo moja mpaka likaingia usingizini: kushoto kwanza, maana huku gari la karibu linatokea kushoto, si kulia kama kwetu. Nikateremsha dirisha la kushoto. Barabara tupu. Upande wa kulia kulikuwa na dirisha jeupe la barafu, nami sikulishughulikia. Nikaachia breki.

Kitu cheusi kikaingia kwenye sahani yangu.

Nilikanyaga breki. Gari likaendelea kana kwamba sikulisemesha. Niliona baiskeli ikilala ubavu, niliona mkono ukitangulia chini, halafu sikuona kitu tena, kwa sababu vyote vilikuwa chini ya pua ya gari. Nikasikia kitu kikipinda.

Kabla sijafungua mlango sikujua kama ni chuma au mguu.

Ilikuwa rimu ya mbele. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye barafu, kando kidogo ya bampa, akiutazama mkono wake kama kitu alichokiokota. Ni Baba Divine, jirani yetu wa chini, Mrundi, anayefanya kazi usiku katika chumba cha kufulia cha hoteli moja na kurudi alfajiri kwa baiskeli. Koti jeusi, kofia nyeusi, baiskeli haina taa.

"Pole, dada," akasema.

Yeye aliyekuwa chini ndiye aliyenipa pole mimi. Nikampa pole nami. Nilipojaribu kumwinua nikateleza, akanishika kwa mkono mzima. Tukasimama hivyo, tumeshikilia boneti, tunapeana pole. Birika langu lilikuwa bado ukingoni mwa maegesho, na kutoka hapo hadi miguuni petu barafu ilikuwa tambarare, inang'aa. Aliifuata kwa macho mpaka kwenye birika. Nikamtangulia kusema.

"Ni maji yangu."

"Nimeona," akasema. "Lakini na mimi sikutakiwa kuwa upande huu."

Kweli, alikuwa ametokea kulia, akipingana na magari. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na baiskeli alijifunzia huko, ambako kila mtu hushika kushoto. Hapa huendesha kulia kama inavyotakiwa. Ila leo lori lilimpita karibu sana, barafu ikarukia uso wake, na alipozinduka alikuwa ameshavuka barabara, anaambaa na ukingo wa kushoto. "Mwili umekimbilia nyumbani," akasema.

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Mimi nilishika sheria ya huku, yeye akashika ya kwetu, na nusura nimuue akiwa ndani ya sheria ya nchi yangu mwenyewe.

Kazini sikwenda. Bosi alisema ofisi itafunguliwa mchana kwa watakaoweza kufika. Nilijibu kwamba sitaweza, na sikueleza.

Kulipokuwa kunaelekea jioni nilijua lazima niteremke. Mtu akianguka mlangoni kwako huwezi kukaa ndani ukingoje apone. Unakwenda kumjulia hali, tena unakwenda na kitu mkononi. Nilitaka kupika chai ya tangawizi, lakini sikuweza kulishika lile birika. Nikachukua machungwa. Mbele ya mlango wao nilisimama muda mrefu kuliko inavyopendeza.

Mama Divine alifungua. Mumewe alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa kwa kipande cha kitenge. Divine, binti yao, aliniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi niliyemgonga baba yake.

"Nilikaribia," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Divine, mwache mgeni akae kwanza," mama yake akasema. Kisha akanigeukia. "Umekuja vizuri. Mwambie huyu, mimi ameshanizoea. Anasema anakwenda kazini. Kwa miguu."

"Mkono vipi?" nikamuuliza.

"Vidole vinacheza. Umevimba tu."

"Na barabara?"

"Kazi ya hoteli haijui barafu, dada. Ndege zimekwama, wageni wamejaa, mashuka ni hayo. Juzi juzi mtoto aliumwa nikakosa siku. Nikikosa tena wata-replace, waweke mtu mwingine."

Ninaijua barabara ile. Haina njia ya waenda kwa miguu. Kuna lami, halafu kuna nyasi, na leo vyote viwili ni kioo. Mtu wa koti jeusi, mkono mmoja, gizani.

"Nitakupeleka," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijayapa ruhusa.

Alimtazama mkewe. Mkewe akanitazama mimi.

"Dada Zuhura, usinielewe vibaya," Baba Divine akasema taratibu. "Asubuhi nilikuwa nje ya gari lako nikaogopa. Sasa unataka niingie ndani?"

Mama Divine alicheka wa kwanza. Nikacheka na mimi, na kicheko kikaisha haraka.

"Baiskeli ikiteleza naanguka peke yangu," akaongeza, na hakuwa anatania tena. "Gari likiteleza linatafuta mtu."

"Ndiyo maana nitakwenda polepole."

"Na kioo?" Mama Divine akauliza.

"Chote."

Tulikikwangua chote. Yeye kwa mkono mmoja na kadi ya plastiki ya duka, mimi na kadi yangu upande wa pili. Vioo vya mbele, nyuma, pembeni, taa, hata namba ya gari. Mama Divine alitoka na mfuko wa chumvi ya jikoni, akaimwaga langoni kiganja kwa kiganja kama anayelisha kuku, mpaka ikaisha. Ilipoanza kutafuna barafu, tuliisikia.

Njiani nilishika usukani kwa nguvu mpaka viganja vikauma. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Kabla ya daraja linalopita juu ya barabara kuu niliona kitu kidogo mbele kikipanda na kushuka, kinametameta, kinapotea. Sikukijua. Nikaondoa tu mguu kwenye mafuta, bila kugusa breki. Kumbe ilikuwa pedali ya baiskeli, ile yenye kipande kinachorudisha mwanga.

"Kuna mtu wa baiskeli," nikasema.

Baba Divine akainama mbele. "Wapi?"

"Hapo mbele yetu."

"Simwoni."

"Tazama chini. Pedali."

Akakaza macho. Kisha akamwona: koti jeusi juu ya lami nyeusi, mgongo umekunjamana, tairi linatafuta pa kushika. Hatukumjua. Angeweza kuwa mtu yeyote anayetakiwa kazini.

"Kumbe ndivyo nilivyo," Baba Divine akasema.

Nyuma yetu likaja gari kubwa la pikapu, taa zake zikajaa kwenye kioo changu. Likapiga honi. Nilikuwa na njia tatu na zote niliziogopa. Kumpita yule mtu juu ya daraja, nikiteleza namchukua. Kufunga breki, mimi nachukuliwa. Iliyobaki ilikuwa kukaa nyuma yake, mbali, kwa mwendo wake yeye, na kuwaacha wenye haraka wanichukie. Nikawasha taa zote za dharura.

Honi ikapigwa tena, ndefu. Yule wa baiskeli akageuza shingo, na baiskeli ikayumba.

"Usimpigie na wewe," Baba Divine akasema.

"Sipigi."

"Wala usimsogelee. Akihisi gari mgongoni atakimbilia upande wa pili. Mimi nilikimbia."

Tukavuka daraja hivyo, baiskeli, sisi na gari la nyuma, kama msafara wa mazishi. Nililia kidogo, bila sauti, na nadhani aliona. Upande wa pili yule mtu akakata kuingia kituo cha mafuta, akainua mkono bila kutazama nyuma. Gari kubwa likatupita. Dereva alifungua kinywa akaniambia kitu ambacho kioo kilikizuia.

Nje ya hoteli Baba Divine hakushuka mara moja. Alikuwa anatazama nyuma ya kiti changu, ambako mimi hutundika kizibao cha kazini, cha manjano chenye mistari ya kung'aa.

"Hicho ni cha nini?"

"Nikiingia ghalani lazima nikivae, ili mashine za kunyanyulia mizigo zisinigonge."

"Na humu garini kinamwangazia nani?"

Nikakivua kitini nikampa. Kwa mkono mmoja hakuweza kukivaa, kwa hiyo nilishuka nikamvalisha juu ya lile koti jeusi na kumfungia zipu, kama unavyomvalisha mtu wa kwenu. Alivuka maegesho kwenda mlango wa wafanyakazi, na taa za gari langu zilimshika njia nzima. Nilimwona mpaka alipoingia.

Wakati wa kurudi nilisimama kituo kile kile cha mafuta, nikanunua kikwangulio. Nilimtafuta kwa macho yule mtu wa baiskeli. Hakuwepo.

Sasa nimeketi hapa na najaribu kugawa lawama, maana ndivyo akili yangu ilivyozoea, kila kitu kikae kwenye fungu lake. Hili ni la maji yangu, hili la kioo, hili la koti jeusi na taa isiyokuwepo, hili la upande alioshika. Lakini leo tulipoangukia pale langoni tuliangukia barafu moja. Yeye angekuja na taa kubwa kama ya treni, bado ningekuwa natazama kupitia sahani. Mimi ningekuwa na kioo safi kama cha duka, bado angetokea gizani kutoka upande ambao sikumtarajia. Ilitakiwa sote wawili tuwe waangalifu zaidi, na kila mmoja alimwachia mwenzake.

Nilidhani woga wangu ni uangalifu. Asubuhi niliogopa sana, lakini niliogopa kwa ajili yangu tu, na woga wa namna hiyo unatosha kusafisha uwazi mdogo mbele ya uso wako. Jioni, juu ya daraja, niliogopa kwa ajili ya mgongo wa mtu nisiyemjua. Ulikuwa woga ule ule. Ila safari hii ulinifanya nione mbali.

Je, nitaukumbuka woga huo barafu ikishayeyuka?

Mama Divine ametuma ujumbe kuuliza kama nimefika. Nimemjibu nimefika, na kwamba alfajiri nitamfuata mumewe. Wanasema usiku kutaganda tena. Kikwangulio kiko mlangoni, juu ya viatu, nisiweze kutoka bila kukiona. Nitamuuliza mwenye duka la jirani kama ana chumvi zaidi.

Birika nimelisugua, nimelirudisha jikoni. Kesho ni la chai tu.