Mtani Hakasiriki

Jumapili, 12 Januari 2025

Wiki mbili za ndoa leo! Nimeamka kabla yake, nimtazame tu akiwa amelala. Noel wangu. Mwalimu wa hesabu, mrefu, mcheshi — Shelui nzima inatabasamu akipita, hata madereva wa malori wanampigia honi.

Mama amenipa mdogo wangu Dina nije naye kutoka Ihanja, nisiwe mpweke ukweni. Ana miaka kumi na tatu. Kesho anaanza kidato cha kwanza, shule hiyohiyo anayofundisha Noel. Amejaribu sketi mara nne! Anaimba akiosha vyombo, sauti ya pili, kama kanisani kwetu. Nyumba imejaa furaha mpaka naogopa.

Jumatano, 22 Januari

Nimecheka mpaka nikamwaga mboga! Noel amesimulia mezani: anaita majina darasani, Dina anaitika kwa kasauti ka mbu. Noel akasema, "Huyu yupo au ni marehemu? Jamani, mtani wangu amekufa, mbona hamlii?" Darasa zima likaangua kilio cha uongo. Yeye Mnyiramba, sisi Wanyaturu, makabila ya watani, na tena ni shemeji yake — utani juu ya utani! Dina naye alicheka, mkono mdomoni. Noel akamwongezea paja la kuku. "Kula, Marehemu, safari ni ndefu."

Nampenda mwanaume anayejua kuchekesha nyumba.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefua sare za Dina. Mfuko wa sketi umejaa udongo. Begi pia. Nikamuuliza.

"Wananizika, dada."

Nani? Darasa. Wanamwekea majani ya mahindi kwenye dawati, eti mashada. Martina, monita wao, ndiye mchungaji. Hakuna anayekaa naye. Hawakai na maiti.

Nikampigia mama. Akasema utani haukasirikiwi. Akanikumbusha msiba wa babu: watani waliingia kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo, na wafiwa wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kweli, nakumbuka. Nikamwambia Dina acheke tu, watachoka wenyewe.

Noel ameniletea kitenge cha njano! Nimekivaa papo hapo.

Jumanne, 25 Februari

Dina haimbi tena. Nimejaribu kukumbuka ameacha lini. Sijui.

Godoro limelowa, mara ya tatu. Analitoa mwenyewe alfajiri, analianika nyuma ya choo nisilione. Jaribio la hesabu amepata nane kwa mia — huyu aliyekuwa wa pili shule ya msingi! Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Zahanati wamempima, hawakuona kitu.

Nikamgusia Noel. Akanikumbatia. "Mke wangu, unamlea kama yai. Mtani hakasiriki. Nikiingilia, ndipo watamcheka kweli." Akanibusu kwenye paji la uso. Akinikumbatia huwa nasahau nilichotaka kusema.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Agnes, jirani, ameingia uani akipiga kelele, amembeba mwanawe wa miaka minne. Mtoto amejaa makapi ya alizeti, puani, machoni. Dina alimlaza chini akamfukia mpaka shingoni.

"Eti anamwambia mwanangu asilie, maiti halii! Huyu mdogo wako ana nini?"

Nimeomba radhi kwa magoti. Dina anatazama ukuta. Nikamuuliza kwa nini.

"Tulikuwa tunataniana."

Hakuwa na hasira. Hakuwa na chochote usoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda shuleni wakati wa mapumziko. Sikumwambia mtu. Nyuma ya tangi la maji wasichana walikuwa wanaimba wimbo wa mazishi. Dina chini. Hakuna aliyemshika! Alilala mwenyewe, mikono kifuani, macho amefumba, na udongo unamwangukia. Martina akaniona kwanza.

"Shikamoo, dada. Tunataniana tu. Hata mwalimu anajua."

Nimemrudisha Dina nyumbani.

Noel amerudi saa kumi, tikiti maji mkononi, anapiga mluzi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza, asinikumbatie. Nikasema, "Ni wewe uliyeanza." Sijawahi kumsemesha hivyo mume wangu! Alicheka. Akaona sicheki. Akakaa.

Akasema alitaka wampende. Kwao mgeni hukaribishwa kwa utani. Hata yeye, siku ya mahari, si wajomba zangu walimfichia viatu akatembea peku mbele ya wazee, na ndipo akajiona amekuwa wa kwetu?

"Wewe ulikuwa na miaka ishirini na nane," nikamwambia. "Na jioni walikurudishia viatu."

Akafunika uso. Noel wangu, analia. Nilitamani kumshika. Sikumshika.

Aliinuka, akasema anakwenda kumwomba radhi sasa hivi. Nikafuata nyuma. Dina alikuwa amekaa kitandani. Alipomwona shemeji yake mlangoni akalala chali. Akanyoosha miguu. Akaweka mikono kifuani. Hakuna aliyemwambia!

"Dina," Noel akasema. "Dina, mdogo wangu. Leo sikuja kutania."

Hakufumbua macho.

Nimekuja kuandika huku jikoni. Noel amepiga magoti kando ya kitanda. Namsikia. Anamwita jina lake, polepole, kama anajifunza kulitamka. Anasubiri. Anaita tena —