Muleba Haipo

Koku mjukuu wangu,

Hapa Kanazi tu wazima, bibi anakusalimu. Umeuliza utajuaje kama DNS uliyoweka inafanya kazi.

Ujanani niliiweka kwenye kompyuta kuu ya ofisi ya kahawa Bukoba, ili igeuze majina ya kompyuta zetu kuwa namba. Nikaijaribu kwa jina la kompyuta hiyo hiyo tu, ambalo isingeweza kulikosa. Ikajibu upesi, nikapongezwa. Kesho yake karani wa tawi letu la Muleba akapiga simu, ofisi nzima ikisikia: “Waitu, fundi wetu, mashine yako inasema Muleba haipo. Sasa sisi tuko wapi?”

Bado naona aibu, Koku, maana hata wewe nakuuliza lile ninalojua jibu lake: hujambo, unajibu sijambo, nami naridhika. Safari hii niandikie nisilolijua.

Babu yako