Tangazo la Bwawa Nisilomaliza Kulisoma

Kambi ya Polisi, Nsambya,
Kampala.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Abalo,

Shikamoo. Ulifikaje Kisumu? Mguu uliovimba kwenye basi umepona? Sisi hapa wazima, ila Baba halali vizuri tangu tumzike Bibi.

Shangazi, unanijua, mbele ya watu ulimi unakauka. Kwa hiyo naandika.

Jumapili ile kabla sijarudi shule, Mzee Tarcisio, mlinzi wa bwawa letu kijijini, aliniletea kanisani karatasi ya Kiingereza kutoka wilayani. "Wewe umesoma, binti. Wasomee kwa Kiacholi." Ilisema bwawa limepigwa dawa ya kuua magugu, watu na ng'ombe wasinywe maji yake siku kumi na nne, na kuyachemsha hakusaidii.

Kiacholi changu ni kibovu, cha kambi ya polisi. Nilisema sentensi moja tu, kwamba magugu yamepigwa dawa, vijana wa nyuma wakaanza: "Afande, rudia! Hatujasikia, afande!" Kanisa zima likacheka. Nikakunja karatasi, nikakaa. Mzee Tarcisio hajui Kiingereza. Alidhani nimemaliza.

Bibi hakuja kanisani, goti lilimsumbua. Aliponiuliza nimesoma nini, bado nilikuwa na hasira ya kuchekwa. Nikamjibu, "Mambo ya magugu tu, Bibi." Mchana nikapanda basi. Kisima cha pampu kilikauka tangu Januari, kwa hiyo wote walikuwa wanachota bwawani. Najua aliyachemsha, kama siku zote.

Kwenye matanga ulimwita Mzee Tarcisio muuaji mbele ya watu wote, kwamba hakuonya mtu na maji yakamuua Bibi. Akasema karatasi ilisomwa, akaniangalia mara moja, na hakunitaja. Mimi nilikuwa nagawa vikombe vya chai. Niliendelea kugawa.

Sasa kamati imemnyang'anya ufunguo wa geti la bwawa, na wanataka ahame kijiji kabla ya Pasaka. Mzee wa umri ule, ahamie wapi?

Karatasi ninayo. Leo nimempa Baba aisome, pamoja na barua hii mpaka hapo juu. Alisoma yote amesimama, na sare yake ya kazi. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Bibi alikuuliza, ukamjibu hivyo?" Nikasema ndiyo. Akatoka kwenda kuomba ruhusa kwa mkubwa wake. Jumamosi tunakwenda kijijini pamoja, na nitasema mwenyewe, mbele ya kamati.

Sikuombi unisamehe, Shangazi. Hata mimi sijui kama inawezekana. Naomba umpigie simu Mzee Tarcisio kabla hatujafika, maana neno lile ulilisema wewe, na mimi siwezi kumwondolea.

Nisalimie Baba Juliet, na Juliet mwenyewe, mwambie nimeona picha zake. Mungu akutunze huko, na akupe usingizi ambao hapa kwetu haupo.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda hata ukikataa kumjibu,

Anena