Sili za Pampu ya Mawese

Jumatatu, 6 Mei
Pampu ya mawese imevuja tena. Mara ya tatu tangu Pasaka. Nimetoa sili, ile pete ya raba inayozuia mafuta: imevimba, laini kama utumbo. Nimeweka mpya, nimefuta sakafu. Kiwanda kizima cha sabuni kinanisubiri mimi. Nimeichoka pampu hii.

Jumatano, 8 Mei
Inadondosha tena. Meneja anasema nakaza bolti vibaya. Miaka tisa ya ufundi, Mwanza na hapa Gisenyi, na mtu asiyejua kushika spana ananifundisha kukaza. Nimemwambia sili hizi si za mafuta. Eti muuzaji amemhakikishia. Nikarudi kwenye pampu. Najichukia ninaponyamaza.

Alhamisi, 9 Mei
Mama Neema, mkata sabuni wetu, ameteleza kwenye mafuta ya pampu. Amevunjika mkono. Hakulia. Meneja ameandika kwenye ripoti: uzembe wa fundi Esta.
Sikula.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemfuata muuzaji sokoni. Nimemuuliza sili zake ni raba gani.
"Bon, mama, raba ni raba. Zote iko nyeusi."
Ndiyo shida yenyewe. Raba ya maji na raba ya mafuta, kwa macho ni pacha. Nimeomba sili moja kwa fundi wa malori, ya pampu za dizeli. Hiyo na yetu mpya, nimezichora zote mbili kwa kalamu, kuzizunguka juu ya karatasi, kisha nikazitumbukiza kwenye vikombe vya mawese, karibu na tanuri.

Jumatatu, 13 Mei
Nimezitoa mbele ya meneja. Ya malori imekaa sawasawa juu ya mchoro wake. Yetu imeuvuka pande zote. Ukucha unazama ndani. Ameangalia sana. "Agiza hizo nyingine." Basi.
Na ripoti? Imeshapelekwa, anasema. Nikamwambia sitafunga sili yoyote mpaka aandike nyingine. Ameandika. Mistari miwili, bila samahani.

Ijumaa, 17 Mei
Siku ya tatu pampu ni kavu. Jioni nilivuka mpaka pale Petite Barrière, nikafika Goma kwa Mama Neema. Plasta mpaka kiwiko. Nikamsomea ripoti mpya.
"Esta, mi sikuwaza hata siku moja ni wewe."
Kisha akaniomba nimsuke, maana mkono mmoja hauwezi. Akakaa chini, mgongo kwenye magoti yangu. Nimemsuka mistari minane.