Kompyuta Iliyosoma Herufi Zetu

Mae Sot, Thailand, mpakani mwa Burma

Mdogo wangu Nwe Nwe,

Majani ya chai uliyoyachachusha yamefika. Nimeyala na karanga, nikakukumbuka.

Thiri, karani wangu hapa ofisini kwa vifurushi, alinionya: "Mzee, kompyuta hii ya zamani haina ulinzi tena. Wezi wa mtandaoni wataingia kama kwao!"

"Bibie, hizo mpya hazisomi herufi zetu za Kiburma za mtindo wa zamani," nikamjibu, nikijiona msomi.

Wameingia. Wamechukua anwani za wote tunaowapelekea vifurushi huko nyumbani, wakawauzia wanaosaka vijana wa kuingizwa jeshini kwa nguvu. Nyumba mbili zimeshavamiwa. Yako imo orodhani, na mwanao umemficha humo.

Simu zenu zimekatwa, namtuma dereva na barua hii. Hameni leo. Nisamehe, naona aibu. Mkifika muendako, usiniambie ni wapi.

Kaka yako,
Htun Lin