Pompe ya Sauti

Siku ya pili ya juma, 2 mwezi wa saba

Chai, pompe ya kifua, masini ya kushona. Asubui yangu ni ile ile. Kiangazi imeingia, vumbi ya barabara inapanda paka ku dirisha, na kila kitambaa ninayokata inanikoholesha.

Mangaribi, repetisyo, mazoezi ya korali. Nilivuta pompe nyuma ya sakristia, mukono mu liputa ya kitenge, sawa mwizi. Béatrice akanikamata. Huyu Béatrice anauzisha sambaza, samaki ndogo za ziwa, ku soko, anaimba soprano pembeni yangu, na macho yake haikosake kitu. Akaniuliza: "Maman Espérance, kumbe hii njo siri ya sauti yako?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilicheka tu. Kwetu asma ni neno ya kukutoa ku solo, pale unaimba peke yako. Banasema mutu mwenye kuvuta pompe, ni mutu wa kwisha. Basi aamini ile anataka.

Siku ya ine, 4 mwezi wa saba

Béatrice aliomba avute naye. Nilimupa. Kisha kidogo alianza kusema moyo yake inapiga mbio, mikono inatetemeka. "Ni Roho!" Heee. Roho gani? Ni dawa. Mi mwenyewe inanitetemesha, siku zingine nashindwa kuingiza uzi mu sindano.

Wimbo ya jubile ya parokia iko tayari. Papa Célestin, kiongozi wetu, aliitunga yeye mwenyewe na solo akanipa mimi. "Milima, inameni, Bwana anashuka ku ziwa." Nikifika ku "Bwana", nakata. Nanyamaza. Kisha njo namalizia. Leo Papa Célestin alifunga macho kabisa. Akaambia bote basikilize ile kimya, eti pale njo utamu yote, dunia inangojea Bwana ashuke.

Dunia haingojee kitu. Ni pumuzi yangu inaisha.

Siku ya yenga, 7 mwezi wa saba

Sasa banavuta ba soprano bote, na ba bass wawili. Tangawizi tuliyokuwa tunatafuna mbele ya misa, hakuna mwenye anaiangalia tena. Pompe yangu inazunguka sawa kalebasi ya pombe ya kasiksi, kutoka kinywa ku kinywa. Papa Célestin anasema Mungu anatumikisha bintu bingi.

Nilikasirika. Pompe iliporudi, niliipangusa na liputa.

Siku ya tatu, 10 mwezi wa saba

Naogopa. Naandika hapa juu sina fasi ingine ya kuisema.

Munganga alinipa pompe mbili mwaka jana. Ya bule, rangi ya ziwa, ya kuvuta wakati kifua inafunga. Ya marron, rangi ya kahawa, ya kuvuta kila siku, ukuwe muzima ao mugonjwa. Ile ya marron iko mu kabati, nyuma ya vikombe vya bageni. Ukiivuta hausikie kitu. Dawa haisikiki, ni dawa ya nini? Bule, yeye, anafungua palepale. Zamani nilikuwa namutafuta mara moja moja. Sasa ni asubui, ni muchana, ni mangaribi, na kupanda muteremuko wa kwetu Nyalukemba nasimama kila fasi ya kivuli sawa bibi kizee.

Pompe imekuwa nyepesi mu mukono. Nikamwambia Béatrice. Akatosha kachupa ya ndani, akaitia mu beseni ya maji. Ikaelea upande upande. "Unaona? Iko na dawa bado." Mi nikafinya. Psss. Inalia. Nikaamini.

Siku ya kwanza, 15 mwezi wa saba

Niko mu kitanda ya hopitali. Mukono unaandika vibaya, tuache.

Ilikuwa juzi, siku ya posho, mu repetisyo. Nyuma ya kanisa balikuwa banachoma majani makavu na uchafu, moshi ikaingia na milango yote. Nikaanza solo. Sikufika ata ku "Bwana". Kifua ikafunga, sawa mutu amenikalia. Nikatosha pompe. Psss. Hakuna. Nikafinya tena, psss, tena, psss, ladha ya dawa haiko, ni upepo tu. Balikuwa banakunywa dawa yangu siku zote hizi, na mi nilikuwa nabaangalia.

Papa Célestin alikimbia mu barabara kusimamisha motari wa pikipiki. Balinipandisha katikati, motari mbele, Béatrice nyuma akinishika kiuno na kulia mu sikio yangu. Sikuweza kumwambia anyamaze. Nilifikiri jambo moja tu: Yesu Maria, nitakufa na harufu ya sambaza.

Balinifunika pua na maski ya mvuke. Hewa ikarudi polepole. Sijapata kuonja kitu tamu vile.

Siku ya pili, 16 mwezi wa saba

Munganga ni mwanamuke kijana, macho mekundu ya uchovu, hachekake. Aliomba aone pompe zote mbili. Ya marron, Béatrice aliitafuta mu kabati, bado ilikuwa nzito sawa ya siku ya kwanza. Aliigeuza, akaniangalia, hakunigombeza.

Akasema bule inafungua mulango, lakini moto inaendelea kuwaka mu nyumba. Marron njo anazima moto, na anazima polepole, njo maana hausikie kitu. Ukiona unatafuta bule kila siku, si kuongeza bule. Ni kukuja kwa munganga. Nikamuuliza juu ya beseni. Maji haijue kitu, akasema. Na pompe ikiisha dawa, inaendelea kulia psss ya bure.

Kisha akanifundisha upya, mi mutu wa miaka mingi na pompe! Kumbe nilikuwa navuta vibaya, dawa ilikuwa inabakia ku ulimi. Alikata tundu mu chupa ya maji ya plastiki, akaingiza pompe pale. Tikisa. Toa pumuzi yote. Finya mara moja, vuta polepole ku mulango wa chupa, shika pumuzi. Ngoja kidogo mbele ya kurudilia. Ya marron, ukimaliza, sukutua kinywa na uteme.

Na pompe ni ya mutu mmoja. Hapo niliangalia ukuta.

Siku ya ine, 18 mwezi wa saba

Niko kwangu. Béatrice alikuja na sambaza za kukaanga, akaniosheya vyombo, akapika bugali. Ana moyo muzuri huyu mama, ni mudomo tu. Mbele ya kwenda alifungua sakoshi: pompe ya bule, mupya. Alinunua ku farmasi ya pembeni ya soko, hakuna mwenye alimuuliza kitu. Si yangu, akasema. Ni ya korali. Ya siku ya jubile. Kila mutu atavuta mara mingi, sauti ifike ku Kalehe, kule mbali pembeni ya ziwa. Ata Papa Placide atavuta, amemuahidi.

Papa Placide ni bass yetu ya zamani. Moyo yake ni mugonjwa, tunajua bote, anakunywa vidonge vyake mbele yetu.

Nilitaka kusema. Nikasema aksanti ya sambaza.

Muficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Mama yangu alikuwa anaisema kila siku. Lakini kilio ya nani?

Siku ya posho, 20 mwezi wa saba

Nilisema.

Nilisimama mbele ya bote, mu repetisyo. Niko na asma tangu utoto. Ile haikukuwa dawa ya sauti. Ni dawa ya mutu mwenye kukosa hewa. Kwa moyo ya Papa Placide inaweza kukuwa mubaya sana. Nilibaacha bavute juu niliogopa kupoteza solo.

Béatrice aliweka pompe mupya juu ya ngoma, polepole, sawa yayi. Papa Placide akatosha kofia. "Aksanti, mwanangu," akasema.

Papa Célestin alinishika mukono. Alisema na upole mwingi. Maman, upumuzike kwanza. Solo ataimba Béatrice.

Nilijua itakuwa vile. Nililia njia yote, batu banaangalia. Nina hasira, sijue ata na nani.

Siku ya yenga, 28 mwezi wa saba

Jubile. Korali ya Kalehe ilifika ku ziwa, na bateau. Mi nilikaa mu viti ya batu bote, pembeni ya dirisha, mbali na ubani, pompe yangu mu sakoshi. Tangawizi ilizunguka mbele ya misa. Papa Placide alitafuna, akakunja uso.

Béatrice akasimama. "Milima, inameni, Bwana..."

Akakata. Palepale. Kifua yake ni ya kubeba beseni za samaki kupanda mulima, pumuzi alikuwa nayo ya kutosha. Alikata juu anajua wimbo iko vile. Korali nzima ilinyamaza naye. Kanisa yote ikanyamaza. Mama mwenye alikuwa pembeni yangu alifunga macho, na machozi ikashuka.

Ilikuwa asma yangu balikuwa banaimba. Ilikuwa muzuri sana. Nililia na mimi.

Siku ya yenga, 18 mwezi wa nane

Marron, asubui na mangaribi. Nasukutua. Nimezoea. Bule inalala mu sakoshi, juma nzima sikuigusa. Papa Célestin alituma salamu, anauliza nitarudi lini. Muteremuko niliupanda jana bila kusimama, na kilo za mihogo.

Leo misa ilipokwisha, nilikuwa naosha vyombo, dirisha wazi. Nikaanza ile wimbo, bila kufikiri. "Milima, inameni, Bwana anashuka ku ziwa." Kwa pumuzi moja. Haikukatika. Nilibakia na kikombe mu mukono.

Nikaiimba tena. Nilipofika ku "Bwana", nikanyamaza. Pumuzi ilikuwa mingi mu kifua, nilikuwa naisikia. Nikangojea kidogo, naangalia maji ya ziwa kule chini. Kisha nikamalizia.