Besi ya Baba Uliyompa Mdogo Wangu

Chumba namba 6, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si umesimama unafua mapazia. Uvimbe umepungua? Na ile miwani mipya, mmeshapatana au bado mnagombana? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila sauti ya kutuamrisha haijapungua hata chembe.

Nimechelewa kukuandikia, na sababu si kazi. Sababu ni kijicho. Kimenikaa kooni wiki tatu kama mwiba wa samaki, nikaona bora nikiteme mbele yako, kwa kuwa ndiwe uliyekianzisha.

Ulipofungua sanduku la marehemu Baba ukatoa lile gitaa lake la besi, ulimpelekea mdogo wangu Chiriku. Mimi kifungua mimba, ninayekula kwa besi mwaka wa kumi na sita sasa, nikapita hivihivi. Yeye ni fundi cherehani, anapiga siku za mapumziko tu. Nilimpongeza, Shangazi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikaenda kulala bila kula.

Sasa sikia. Bendi yetu imeamua kurekodi upya nyimbo nne za Baba. Studio ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, kuta zimefunikwa mablanketi. Fundi mitambo wake ni mzee mwembamba, hatumii maneno mawili panapotosha moja. Ana amplifaya ya zamani, zile zenye taa za kioo ndani. Ukiiwasha unaisubiri ipate moto, na vumbi lake linanukia kama pasi.

Nilienda na besi yangu mpya. Fundi akasikiliza, akasema, "Safi. Safi mno." Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema hakuna kosa, ila wimbo wa siku zile unataka chombo cha siku zile. Nikampigia simu Chiriku aniazime ile ya Baba.

Alikuja mchana, besi imefungwa kwenye shuka, pini bado zimemjaa kwenye kola. Nikaichomeka. Nyuzi ni zilezile za Baba, hazijabadilishwa, zimeshika mafuta ya vidole vyake. Chini yake, kule mwisho zinakofungwa, kulikuwa na kipande cha sponji kilichogeuka rangi. Nikadhani uchafu, nikakichomoa, nikakitupa kwenye pipa. Nilipopiga, kila noti ilivuma ikaingilia ngoma. Fundi akasogeza maikrofoni shubiri moja pembeni ya spika. Wapi. Mara simu yangu ikalia, kiongozi wa bendi, nikatoka uani kuongea naye.

Nikiwa pale kati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani, nilimsikia Baba. Sisemi kitu kinachofanana naye. Noti fupi, nene, za mviringo, kila moja inaondoka kabla ya inayofuata kuomba nafasi. Nikakata simu, nikaingia mbio.

"Mzee, hiyo kanda umeitoa wapi?"

Akanyoosha kidevu. Chiriku alikuwa ameketi juu ya sanduku la nyaya, amefumba macho, anapiga. Fundi alimwomba ajaribu tu, naye akaupiga wimbo mpaka mwisho, mitambo ikirekodi. Sponji alikuwa ameiokota pipani na kuirudisha mahali pake.

"Kaka, hii si takataka," akaniambia. "Baba aliiweka mwenyewe ili noti isivume. Mimi ndiye niliyemshikia mkasi. Wewe ulikuwa uwanjani na mpira."

Alisema bila ubaya wowote. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Nikamwambia asante, jaribio limetosha, asante sana, wateja wake wasije wakamngoja, asante. Akaniachia besi, akaondoka. Mlango ulipofungwa nikamgeukia fundi: "Futa hiyo."

"Nitafuta," akasema. "Piga yako kwanza, tuzisikilize zote mbili."

Nilipiga mara tisa. Sponji ipo, nyuzi zilezile, amplifaya ileile, maikrofoni haikuguswa. Nilipiga bila kosa, Shangazi, hilo usinidhulumu. Lakini tulipokaa kusikiliza, yangu ilikuwa inataka isikike. Yake ilikuwa imeubeba wimbo mgongoni na wala haina habari na mtu. Fundi hakunitazama. Aliuliza tu, "Nifute ipi?"

Nikaiegemeza besi kwenye amplifaya. Nikasema, "Yangu."

Kesho yake nilikwenda kwenye kibanda cha Chiriku cha kushonea, nikamweleza yote, hata lile la kutaka afutwe. Aliendelea kushona mpaka pindo likaisha, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Ulinishukuru mara tatu. Wewe ukishukuru mara tatu una jambo." Kisha akaniambia nyimbo tatu zilizobaki atapiga, ila mchana tu, jioni ashone, nguo za watu zisilale.

Basi ndivyo ilivyo. Wimbo wa pili tayari, wa tatu ni Alhamisi. Yeye anapiga besi, mimi nimepewa kayamba. Miaka kumi na sita, Shangazi, natikisa kayamba.

Usiniandikie kwamba nimefanya vizuri. Roho bado inaniuma, na akifunga macho kupiga mimi nageukia ukutani. Sikudai besi, ulimpa aliyestahili. Ila kama kuna kitu kingine cha Baba kimebaki kwenye lile sanduku, hata mkanda wa suruali, hata kiatu cha upande mmoja, naomba safari hii unitumie mimi.

Wasalimie binamu zangu, Mpishi na yule Mkimya, na jirani yako Mama Mapacha. Mama anakusalimu, Chiriku anakubusu mikono. Mungu akupe usingizi mnono na mguu usiokusumbua ngazini.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
nikupendaye hata nikinuna.